Katekisimu ya Hesabu

Ndugu zangu mnaokaa huku milimani Mbinga, nanyi mlioko kule chini ufukweni mwa ziwa, sogeeni mnisikilize. Habari ninayowaletea si ya mtu wa mbali. Ni ya nyumba ya shemeji yangu Othmar, mlango wa pili kutoka wangu. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie, tena aliniambia nisimpambe. Basi sitampamba.

Mimi ni Teodora, mke wa mdogo wake. Nilipoolewa katika ukoo huu, kilichonifanya nisikumbuke sana kwetu kilikuwa sengu. Jua likishaegemea mlima, kila mke wa ukoo hutoka jikoni kwake na sahani ya ugali na bakuli la maharage, akavipeleka kibandani kwa mkubwa wa ukoo. Wanaume, vijana na wajukuu wadogo hunawa, wakala pamoja. Sisi wanawake na mabinti hula jikoni hapo karibu, masikio yetu yakiwa huko huko. Chakula cha kila nyumba huliwa na wote, kwa hiyo hakuna mtoto anayelala njaa kwa sababu ya uvivu wa mama yake. Wakishanawa tena, mwenye neno hulitoa, na anayehusika huitwa hata kama ni mwanamke. Siku hizi sengu zimebaki chache, lakini ya Othmar ilikuwa hai, na vicheko vyake vilisikika hadi barabarani.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Othmar alikuwa na kahawa nzuri na sauti kubwa. Mkewe Walburga alikuwa mtu wa maneno machache, shule yake iliishia darasa la nne. Kitinda mimba wao, Dafrosa, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa binti mpole mwenye mwandiko wa kupendeza, na kasoro yake ilikuwa moja: hakupenda kumwangusha mtu. Ukimwuliza umeelewa, alijibu nimeelewa, ili tu uso wako usikunjamane.

Hayo yalikuwa katikati ya miaka ya tisini, soko la kahawa lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walianza kupanda milima yetu na magari yao, kila mmoja na bei yake na mizani yake. Neno asilimia halikukosa midomoni mwao. Mara asilimia ya unyevu, mara asilimia ya punje mbovu, mara bei imepanda kwa asilimia hii na kushuka kwa ile. Othmar alikuwa mjumbe wa kamati ya wakulima. Alikwenda mikutanoni, akasikiliza, akarudi amenuna. Siku moja alitangaza kwenye sengu kwamba Dafrosa atasoma uhasibu katika chuo cha biashara, ili ukoo huu uwe na mtu wa kusimama mbele ya wale watu.

Hakuna aliyepinga, maana lilikuwa jambo jema. Tatizo ni kwamba chuo kile kilikuwa na mtihani wa kuingia, na lango la mtihani ule lilikuwa hesabu. Ukishindwa, unaruhusiwa kurudia mara moja tu. Na hesabu ndizo zilizomtesa Dafrosa tangu utoto, ingawa aliyelijua hilo alikuwa yeye peke yake, kwa sababu hakuwahi kusema.

Mjini Mbinga wakati huo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka ya mitumba, vibanda vya video, mabasi ya watu binafsi, na tuisheni. Kijana mmoja aitwaye Nicholaus alikodi chumba nyuma ya duka la misumari na mabati, akaandika mlangoni kwamba anafundisha njia za mkato. Alikuwa na maswali ya mitihani ya nyuma ya chuo hicho pamoja na majibu yake. Alisema maswali ni yale yale, yanazunguka kama mbuzi kwenye kamba, na mwenye kushika majibu ameshika chuo. Wiki ya kwanza Dafrosa aliinua mkono, akauliza asilimia inatoka wapi. Nicholaus akatabasamu, akawaambia wenzake kwamba dada huyu amepotea njia, darasa la tano liko shule ya msingi. Chumba kizima kikacheka. Mkono ule haukuinuka tena.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shemeji yangu alipokosea, na alikosea kwa namna ambayo watu wa huku kwetu tu ndio wangeweza kukosea. Othmar alipokuwa mtoto, komunyo ya kwanza haikupewa mtu aliyebabaika. Padre aliuliza swali, ukajibu neno kwa neno kama lilivyoandikwa. Ukikwama, ulirudishwa ungoje mwaka mwingine, na wenzako wakakucheka njia nzima. Othmar aliikariri katekisimu yote akichunga mbuzi, akajibu bila kukwama hata mara moja. Katekisimu ilimpa komunyo, ikampa ndoa, ikamfanya mzee wa kigango. Kwa nini isimpe binti yake chuo?

Basi Dafrosa aliporudi na karatasi za Nicholaus, baba yake aliziweka namba kwa mkono wake, na kila jioni baada ya kunawa alimwita mbele ya sengu. Othmar alitaja namba, Dafrosa akatoa jibu.

"Swali la saba?"

"Tisini na sita."

"La nane?"

"Tatu na nusu."

Wanaume walipiga makofi. Joakim, mdogo wake mwingine Othmar, ambaye hupenda kucheka kuliko kula, alisema huyu binti atawafunga mdomo wanunuzi wote. Kule jikoni Walburga aliniuliza kwa sauti ya chini swali la saba lenyewe linasemaje. Nikamwambia sijui. Akasema, "Nao hawajauliza." Kisha akaendelea kusafisha chungu.

Nataka mwelewe kwamba haya yote Othmar aliyafanya kwa mapenzi. Alimwangalia binti yake akijibu, macho yakamjaa maji. Lakini mapenzi na majivuno hulala kitanda kimoja, na ni vigumu kujua nani amevuta blanketi. Kufika Jumapili ya Matawi habari ya binti bingwa wa hesabu ilikuwa imefika hadi Litumbandyosi. Kabla ya mtihani Othmar alichinja nguruwe, akaita watu wakala na kupongeza. Wahenga walisema usikate mbeleko na mwana hajazaliwa, lakini nyama ilipokwisha kuiva hatukukumbuka wahenga.

Mtihani ulifanyika Songea. Dafrosa alifungua karatasi, akaliona swali lake la saba, na moyo ukamtulia. Mfanyabiashara alipandisha bei, kisha akaishusha, je, bei ya mwisho ni asilimia ngapi ya ile ya kwanza? Akaandika tisini na sita. Hakutazama kwamba safari hii bei ilipanda kwa asilimia ishirini na tano, ikashuka kwa ishirini. Jibu lilikuwa mia kamili. Na maswali mengine yakawa vivyo hivyo, yana sura aliyoizoea lakini yamebadilishwa kidogo. Ninyi wakulima mnaijua ngoro, kilimo chetu cha mashimo mteremkoni, ile ambayo mtu mvivu ameifukia udongo bila kulaza nyasi chini. Kiangazi inapendeza kuliko zote, mvua ya Februari ikija inabomoka shimo kwa shimo. Ndivyo zilivyobomoka hesabu za Dafrosa.

Matokeo yalipobandikwa alikwenda kuyasoma mwenyewe. Katika hesabu alikuwa amepata kumi na tisa. Akapanda gari la kurudi. Lilipofika Mbinga mjini abiria wakashuka, yeye akainamisha kichwa magotini mpaka gari likaondoka tena, likamteremsha hadi Mbamba Bay kwa shangazi yake Kunigunda.

Othmar aliipata habari kanisani baada ya misa, kutoka kwa mzazi mwingine aliyedhani anamfariji. Jioni ile hakutokea kwenye sengu. Alisema tumbo linamsumbua. Kesho yake likamsumbua tena, na keshokutwa. Mkubwa asiponawa, wengine hawawezi kunawa, kwa hiyo kila mke akaanza kulisha watoto wake nyuma ya mlango wake. Kibanda kikabaki kimya na kuku wakahamia humo. Nawaambieni kweli, kuona kibanda kile kina kuku kuliniuma kuliko msiba. Jina la Dafrosa halikutajwa. Watu walidhani baba yake ana hasira. Mimi nilimwona magari ya kutoka mjini yanapopita, akisimama kando ya barabara, akijifanya anakagua mashina ya migomba, akitazama kila anayeshuka.

Ikapita zaidi ya wiki hatujui Dafrosa alipo. Ndipo alipopanda mama mmoja wa Mbaha, kule ufukweni, kuuza usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni kwetu. Alipomtambua Walburga alimshika mkono, akampongeza kwa binti yake mhasibu, aliyefaulu na sasa anawasaidia wanawake wa ufukweni hesabu zao. Walburga alimshukuru, akanunua samaki, akarudi nyumbani bila neno. Asubuhi yake alifunga kanga kiunoni akashuka ziwani. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe.

Dafrosa alipofika kwa shangazi yake, macho mekundu na begi mkononi, Kunigunda alimwuliza hata kabla hajaketi kama amefaulu. Dafrosa akasema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, la kumfurahisha mtu, kama alivyozoea. Kunigunda akapiga kigelegele, na kabla jua halijazama ufukwe wote ulijua. Wakaanza kumwita mhasibu, na yeye akaitika.

Wanawake wale walikuwa wakiuza usipa kwa mchuuzi kutoka Songea. Samaki walipokuwa haba, mchuuzi alikuwa amewapandishia bei ya debe kwa asilimia ishirini. Sasa samaki walikuwa wamejaa, akaja akasema anaishusha kwa asilimia ishirini, yaani tumerudi pale pale tulipoanza, hakuna aliyepunjwa. Wanawake walimgeukia mhasibu wao. Dafrosa aliziona nyuso zote zinamngoja. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ishirini imeongezwa, ishirini imetolewa, ni pale pale. Wakakubaliana na mchuuzi, akachukua mzigo.

Walipolipwa, kila mmoja alipata pungufu ya bei ya zamani. Haikuwa nyingi kwa debe moja, lakini kwa madebe ya msimu mzima ilikuwa sare za shule za watoto. Siku ile Walburga anafika aliwakuta wamejaa uani kwa wifi yake. Hawakuwa wakali. Ingekuwa afadhali wangekuwa wakali. Walikuwa wakimbembeleza Dafrosa awaeleze wamekosea wapi kuhesabu, maana yeye ndiye msomi na wao ni watu wa samaki. Dafrosa akawaponyoka, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kuanikia. Mama yake akamfuata huko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wakakaa chini mchangani. Ziwa lilikuwa limetulia, watoto wakifukuza kunguru kwenye samaki. Dafrosa alilia mpaka akamaliza, na mama yake hakumharakisha.

"Sikufaulu, mama. Nimepata kumi na tisa."

"Najua."

"Na hawa nimewadanganya. Wananiuliza kwa nini fedha zimepungua, na mimi sijui. Sijui chochote. Najua majibu tu."

Wako wanaoisimulia habari hii kana kwamba Walburga alikuwa fundi wa hesabu aliyejificha jikoni. Si kweli. Hakujua asilimia ni nini, na hakuona haya kutojua, ndiyo tofauti yake na sisi wengine. Alimfuta binti yake uso kwa ncha ya kanga, akamwambia, "Mimi hata majibu siyajui. Basi nieleze tangu mwanzo. Usiruke kitu, maana nitakuuliza."

Dafrosa akasema asilimia ni sehemu katika mia. Mama yake akasema haoni mia yoyote hapo. Basi Dafrosa akachota usipa wakavu kwenye kichanja, wakahesabu wote wawili mpaka mia, wakawapanga juu ya jamvi. Hiyo ndiyo bei ya zamani, alisema. Ikapanda kwa asilimia ishirini, akaongeza samaki ishirini. Kisha ikashuka kwa asilimia ishirini. Akanyoosha mkono kuwaondoa wale ishirini.

"Ngoja," Walburga alisema. "Mchuuzi alipopunguza, fungu lilikuwa hili la mia au hili lililokua?"

"Hili lililokua."

"Sasa ishirini hiyo ya pili ni ishirini ya nini?"

Lilikuwa swali la mtu asiyejua, na ndiyo maana lilikuwa zuri. Dafrosa alibaki mkono hewani. Kisha pole pole akaligawa fungu kubwa mafungu matano yaliyo sawa, kwa kuwa ishirini ni sehemu ya tano ya mia. Kila fungu lilikuwa na samaki ishirini na wanne. Akaondoa fungu moja, akahesabu waliobaki. Akahesabu tena kwa kidole. Walikuwa tisini na sita.

Dafrosa aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipogundua. Ni lile lile swali la saba. Alikuwa amelipigia kelele mbele ya ukoo mzima jioni baada ya jioni, akapigiwa makofi, na lilipokuja mbele yake likiwa limevaa magamba ya samaki hakulitambua. Akacheka na kulia kwa pamoja. Mama yake alikuwa bado ameinama juu ya jamvi, akiwatazama wale samaki wanne waliopotea, akasema, "Kumbe huku ndiko walikokwenda."

Jioni ile Dafrosa alisimama uani kwa shangazi yake akawaambia wanawake ukweli wote, kwamba hakufaulu na kwamba aliitikia asichokijua. Kunigunda aliona haya, akatazama pembeni. Lakini mzee mmoja wa kike alisema heri mwongo anayerudi kusafisha kuliko mkweli anayenyamaza, na Dafrosa akatandika jamvi, akawaonyesha samaki kwa samaki. Mchuuzi aliporudi walimtandikia jamvi lile lile. Akakuna kichwa, akarekebisha bei.

Bado ilibaki kazi ya kurudi nyumbani, na hiyo ndiyo aliyoiogopa. Walipofika, Othmar alikuwa kwenye vichanja vya kahawa akigeuza. Dafrosa alipiga goti na kumwamkia. Baba yake aliitikia, akamtazama, akachukua begi mkononi mwake. Neno alilosema lilikuwa moja tu: "Umekula?"

Walburga alimweleza mumewe yote, wakiwa wawili tu. Sijui walizungumza nini zaidi. Ninachojua ni kwamba kesho yake Othmar aliwafukuza kuku kibandani kwa mkono wake, akafagia, akatuma watoto kwa kila nyumba kusema sengu ipo. Tulikuja na vyakula vyetu. Tulidhani binti ataitwa akaripiwe. Wanaume walikula, wakanawa, na kweli Othmar akamwita Dafrosa. Binti alitoka jikoni akasimama pale pale aliposimama siku za makofi, mikono nyuma.

"Leo swali ni langu," Othmar alisema. "Asilimia ni nini?"

Joakim akacheka, akidhani kaka yake anatania. Akamwambia haiwezekani, yeye ni mjumbe wa kamati.

"Ndiyo, mimi ni mjumbe," Othmar akajibu. "Wanunuzi wakisema asilimia natikisa kichwa kana kwamba nimeelewa. Nimetikisa tangu walipokuja. Sijui, Joakim. Nilimfundisha mwanangu kujibu kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa kuuliza." Kisha akasogea kwenye kiti chake cha mbao, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyobaki. "Kaa hapa, mwanangu. Nifundishe na mimi."

Jikoni tulitazamana. Binti hakai kwenye kiti cha mkubwa wa sengu. Dafrosa aliangalia huku na huko, akakaa. Joakim alikuwa bado na tabasamu lililokosa pa kwenda. Akalifuta kwa mkono, akasema taratibu kwamba hata yeye hajui. Akafuata mume wangu. Nikagundua kwamba nimeishi miaka yote hiyo na wanaume watatu wanaotikisa kichwa.

Tangu siku hiyo baada ya kunawa Othmar alikuwa akimimina kahawa kavu juu ya ungo, na punje ndizo zilizokuwa hesabu. Walikuwa na sheria moja tu, iliyotoka kwa Walburga: mtu akitaja asilimia, yeyote aliyepo, hata mtoto, ana ruhusa ya kuuliza asilimia ya nini. Wajukuu waliipenda sheria hiyo kupita kiasi. Lakini punje peke yake hazimpeleki mtu chuoni, nisije nikawadanganya. Dafrosa alikwenda misheni kwa Sista Hildegardi, aliyekuwa akifundisha wasichana hesabu, akamwambia Tumsifu Yesu Kristo, na baada ya hapo akamwambia haelewi sehemu tangu darasa la tano. Sista hakucheka. Alitoa kitabu cha darasa la tano kabatini, akakipangusa vumbi, akasema tuanzie hapa. Wakaanza na sehemu, wakaja uwiano, wakaja faida na hasara, na kila mahali alipokwama Dafrosa aliinua mkono ingawa walikuwa wawili tu chumbani. Akirudi nyumbani alimweleza mama yake alichojifunza. Mama asipoelewa, alijua kwamba yeye mwenyewe bado hajaelewa, akarudi tena kwa Sista.

Safari hii Othmar hakuchinja nguruwe. Alimsindikiza hadi kwenye gari la Songea akamwambia jambo dogo: akikutana na swali asilolijua, asione haya, aliruke na kulirudia baadaye. Dafrosa alifanya mtihani kwa utulivu. Kulikuwa na swali la mazao yaliyopungua uzito yakikaushwa, na lingine la punguzo juu ya punguzo. Kila alipoona asilimia aliwaza jamvi na sauti ya mama yake, na alichora mafungu pembezoni mwa karatasi kabla ya kuandika chochote.

Siku aliyokwenda kutazama matokeo, Othmar alikuwa barabarani tangu mchana, kwenye migomba yake. Mimi nilikuwa nachuma mboga upande wa pili, si kwa bahati. Gari lilisimama, Dafrosa akashuka, akamwamkia baba yake.

"Nimefaulu, baba. Hesabu nimepata sitini na nne."

Midomo ya Othmar ilikuwa inacheza kama mtu anayesali rozari.

"Sitini na nne ya nini?"

"Ya mia, baba."

"Basi kuna thelathini na sita bado huzijui."

Nikasema moyoni, mzee huyu anaharibu tena. Dafrosa akaitikia kwamba ndiyo, bado hazijui.

"Vizuri," Othmar alisema, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyaficha. "Utakuwa na la kuuliza huko chuoni."

Akachukua begi lake, wakapanda njia ya nyumbani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, shule haikumwangusha Dafrosa, wala kichwa chake. Kilichomwangusha ni kicheko cha chumba kimoja cha tuisheni, na makofi ya nyumbani kwake mwenyewe. Vyote viwili vilimfundisha jambo moja, kwamba kutojua ni aibu. Mficha uchi hazai, na mficha ujinga hafaulu. Atabeba majibu ya watu mpaka siku swali litakapobadilika kidogo, na maisha hayaulizi swali lile lile mara mbili. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mithali hii tunawasomea watoto, kisha tunawacheka wakiuliza.

Wanunuzi wataendelea kuja na maneno mapya, leo asilimia, kesho jingine. Si dhambi kutolijua neno. Dhambi ni kutikisa kichwa. Na mtoto wako akirudi leo jioni akakuambia haelewi, usimtangaze wala usimfiche. Msogezee nafasi kwenye kiti chako, umwambie nawe kwamba hujui, kisha muulizane.